Mtoto wa Mama kwenye Ukumbi wa Benki

Temeke, Jumanne, alasiri

Mvua imekatika sasa hivi. Tangu alfajiri ilikuwa ya rasharasha, ile isiyokukimbiza lakini inakulowesha vilevile, na mie nimetembea nayo hadi Mbagala na kurudi. Kanga iko kambani, miguu nimeiweka juu ya kigoda, na moyo sijui niuweke wapi.

Nimesali mara mbili. Mara ya pili nikajikuta naongea na Mungu kama mtu anayejitetea barazani, nikanyamaza. Afadhali niandike.

Niliipa benki mtoto wa mama yangu.

Mtoto mwenyewe ni wa mti. Sie Wazaramo tunamwita mwana hiti. Hana mikono wala miguu, ana kichwa na kitovu na maziwa mawili madogo, na urefu wake ni shibiri moja na nusu. Binti akivunja ungo akawekwa ndani, anapewa huyo amlee: amwogeshe, ampake mafuta, amlaze. Siku akitolewa nje na ngoma, anatoka naye mkononi. Juu ya kichwa chake kila mwali hubandika kwa nta kishungi cha nywele zake mwenyewe. Kwa hiyo mtoto wetu alikuwa na nywele za bibi, na za mama, na za dada Mwanahawa. Zangu pia zilikuwamo, za kabla sijabatizwa.

Huyu hauzwi. Kama nyumba fulani ina mwali na haina mtoto, wanakuja kuazima. Wanaleta kitambaa cheupe, mnakula nao, wanaondoka naye. Wakikupa fedha unakataa, maana ukipokea fedha umemuuza. Ukikataa, kila mtu anajua kwamba bado ni wako na atarudi. Nimemwona akikaa kwa watu mwaka mzima, na mama hakwenda kumdai hata siku moja. Mwali alipotolewa, mtoto aliletwa.

Mama alifia kwangu, wakati huo dada yuko Rufiji kwa mume wake, ndiyo maana mtoto alibaki katika kasha langu. Mie nimezaa wavulana watupu. Mwenye haki naye ni Zaina, binti wa dada, na sote tulilijua hilo bila kuliongea.

Sasa nieleze nilivyofanya, bila kujipamba.

Mwaka jana mzee wetu wa kanisa alianza kutuhubiria juu ya vitu vya unyago. Alisema nyumba ya Mkristo isiwe na miguu miwili, mmoja madhabahuni na mwingine kichakani. Kuna mama mmoja alichoma vyake uani, tukaenda kuimba. Niliimba na mie, na huku najua kilichomo ndani ya kasha langu chini ya mashuka. Kumtia motoni nilishindwa. Kukaa naye na huku Jumapili nafundisha watoto, nilishindwa pia. Nilikuwa nikifungua kasha nachukua shuka kwa kupapasa, nisimwangalie.

Basi Yohana, mume wangu, ambaye ni tarishi wa benki moja pale mjini, akaja na habari. Wamepata meneja mpya, na huyo bwana anasema ukumbi wao wa mbele umekaa kama hospitali, kuta nyeupe na picha ya Malkia basi. Anataka mtu akiingia ajue yuko nchi gani. Ameshapata ngoma za Wasukuma, ngao za Wamasai, mkeka mkubwa kutoka Mafia wa kutundika ukutani. Lakini cha watu wa hapahapa, wenye mji, hana. Amewaomba watumishi wote watafute.

Kesho yake asubuhi nilimwambia Yohana ninacho.

Nilijiambia hivi: benki ni nyumba ya amana. Mtu anaacha kitu chake, kinalindwa kwa chuma na bawabu, na siku ya haja anakwenda kukichukua. Sitakuwa naye nyumbani, sitakuwa nimemchoma, na Zaina akikua nitamfuata. Nililiona jambo hilo safi kabisa, na nikamshukuru Mungu kwa kunionyesha njia.

Nilimpeleka mwenyewe. Meneja alimshika kwa mikono miwili, akamgeuza, akampeleka dirishani kwenye mwanga. Alifurahi kweli, siwezi kumsingizia. Akatoa noti ya shilingi kumi. Nikasema hapana, nikaficha mikono nyuma. Akaongeza nyingine. Nikasema hapana bwana, huyu hachukuliwi fedha. Akanitazama kitambo, macho yakalainika, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili akanishukuru mno. Mie nikaona ameelewa. Kitambaa cheupe hakutoa, nikasema moyoni, Mzungu atajuaje, namsamehe kitambaa.

Nilirudi nyumbani mwepesi. Nililala vizuri karibu nusu mwaka.

Juzi Jumapili natoka kanisani, namkuta dada Mwanahawa amekaa kizingitini kwangu, ushungi umelowa jasho. Zaina yuko ndani wiki ya tatu. Dada anasema wanawake wa Mbagala wameanza kuuliza mtoto yuko wapi, na binti analea gunzi la muhindi lililovishwa kitambaa kama watoto wa barabarani wanavyochezea. Hakuja kwa ugomvi. Alikuja kama mtu anayekuja kuchukua kinu chake.

“Alhamisi nitamfuata,” akasema. “Yupo?”

Nikasema yupo.

Neno moja tu, na halikuwa uongo. Lakini nilipolitamka niliinama kufungua kufuli la mlango ambalo lilikuwa limeshafunguka.

Jana Jumatatu nikaenda benki na Yohana. Alikuwa ameniambia tangu Jumapili kwamba yeye hajawahi kuona kitu kikitoka kwenye ukumbi ule. Nilimuuliza mbona hukuniambia mapema. Akasema, hukuuliza, ulifurahi.

Ukumbi umependeza. Lazima niseme hivyo. Sakafu inang'aa hadi unaona nyayo zako zikikufuata. Ngoma zimepangwa kwa ukubwa kama familia inayopigwa picha. Mkeka wa Mafia umetandazwa ukutani, rangi zake zote zinaonekana, na nikafikiri kwamba yule aliyesuka hakudhani hata siku moja watu wangetazama mkeka wake bila kukaa. Watu wamesimama kwenye mstari, Wahindi, Wazungu, makarani wa Kiafrika wenye tai, na kila aingiaye anatupa jicho ukutani. Wengine walitabasamu. Niliona hata mie najivuna kidogo.

Kisha nikamwona.

Wamemweka kwenye ile meza ndefu ya dirishani ambapo watu husimama kuandika karatasi zao. Wamempaka vanishi. Alikuwa mweusi wa mafuta ya nazi ya miaka sitini, sasa mwekundu anametameta kama kiatu cha bwana harusi. Shanga za kiunoni hakuna. Kichwani peupe, hakuna hata unywele. Na kalamu ya benki, ile inayofungwa kwa mnyororo mwembamba isiibiwe, mnyororo wake wameuzungusha shingoni mwake. Bwana mmoja alikuwa akiandika. Kila akivuta kalamu, mtoto anatikisika.

Nilisimama pale nikasahau salamu.

Bawabu wa benki ni Mnyamwezi, mzee Shija, mtani wetu. Aliniona akaja akichechemea na kofia yake ya kazi. “Karibu mzazi,” akasema kwa sauti ya kunitania. “Wazaramo nyie, mmezoea kula kwa watu, sasa na watoto mnawaacha kwa Wazungu wawalishe? Mwenzio huyu anafanya kazi kuliko mumeo. Yohana anakaa, yeye siku nzima amesimama.”

Siku nyingine ningemjibu. Wanyamwezi tunawajua, jibu halikosekani. Jana machozi yalitangulia.

Mzee Shija akavua kofia. Akanivuta pembeni karibu na ngoma, akaniambia polepole kwamba mke wa meneja alisema kile kichwa kina wadudu, kioshwe. Aliyeamriwa kuosha ni yeye. Alipoona ni nywele za watu, zimebandikwa tabaka juu ya tabaka, alijua. Alizibandua zote, hakuzitupa kwenye pipa. Alizizika nyuma ya benki penye mwarobaini, yeye peke yake, wakati wa mapumziko ya mchana.

“Mtani ndiye anayezika,” akasema. “Nisingewaachia hawa. Shanga lakini sijui zilikokwenda.”

Nilimshika mkono. Bibi yangu na mama yangu wako nyuma ya benki, na aliyewaweka pale kwa heshima ni mtu ambaye dakika moja kabla alikuwa akinicheka.

Meneja alitoka. Kiswahili chake ni kile cha kuamrisha mpishi, lakini alijitahidi, na hakunipandishia sauti. Nilimwambia mjukuu wa mama yangu amefikia wakati wake, kwa hiyo nimekuja kumchukua mtoto. Hakunielewa. Yohana akarudia kwa Kiingereza chake kidogo. Meneja akakunja uso kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe.

“Lakini mama, hii zawadi,” akasema. “Mimi natoa pesa, wewe nakataa. Mtu nakataa pesa, hiyo ni zawadi. Sasa hii kitu ya benki. Iko kwenye kitabu.”

Pale ndipo nilipoelewa. Kile kile kilichokuwa kwangu kama kufuli, kwake kilikuwa mlango umeachwa wazi. Ningepokea zile shilingi kumi ningekuwa nimemuuza. Sikuzipokea, nikawa nimemtoa bure. Kwa yule bwana hapakuwa na njia yoyote ambayo mtoto angebaki wetu, na mie nilikuwa nimesimama mbele yake siku ile nikidhani tumeelewana hadi mifupani.

Nilimwomba basi nimletee mwingine, fundi yuko Mtoni, atachonga mzuri na mpya. Akatikisa kichwa. Anataka huyu kwa sababu ni wa zamani. Nilikitazama kile kichwa kilichokwanguliwa nikatamani kumuuliza uzamani ameuona wapi, lakini nilikuwa mgeni katika nyumba ya watu.

Mwishowe aliyaonea huruma machozi yangu, nadhani, au watu kwenye mstari walikuwa wanatutazama mno. Akasema atanikopesha. Mwezi mmoja. Baada ya hapo wakubwa wake wanakuja kuukagua ukumbi, na ile meza haiwezi kuwa tupu. Karani akaandika karatasi, nikatia sahihi kwa kalamu ile ile, huku mtoto akitikisika. Yohana akaombwa naye aweke jina lake chini ya langu kwa kuwa ndiye mtumishi. Aliandika taratibu, herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la pili. Ndipo karani akafungua ule mnyororo.

Nje Yohana akaniambia kitu kimoja tu. “Mama Danieli, mwezi mmoja. Umesikia. Miaka kumi na tisa naibeba ile mikoba ya barua za benki.”

Nikasema nimesikia.

Leo asubuhi sikungoja Alhamisi. Nilimfunga kifuani ndani ya kanga mvua isimpate, nikaanza njia. Kabla ya Mtoni mwanamke mmoja mwenye tenga la mihogo akanichungulia, akasema hongera, mjukuu wa ngapi? Nikamwambia wa kwanza. Nimehesabu uongo wangu wa wiki hii na huo ndio pekee ambao haukuniuma.

Dada nilimkuta uani anakuna nazi. Nilimweleza yote toka mwanzo, mzee wa kanisa, kasha, noti ya shilingi kumi, kichwa. Sikuacha kitu. Hakuacha kukuna. Nilipomaliza, ile nazi ilikuwa imekwisha na bado mkono wake ulikuwa unakwenda kwenye kifuu kitupu.

Alimpokea, akamnusa.

“Ananuka kiti cha ofisi,” akasema.

Kisha akauliza nywele ziko wapi. Nikamwambia kuhusu mzee Shija. Akasema angalau mtani, na kwa mara ya kwanza akanitazama usoni. Aliingia ndani akatoka na wembe na kipande cha nta. Akajikata kishungi cha kisogoni, nywele nyingi ni mvi sasa, akanipa ule wembe.

“Na wewe, Tatu.”

Tatu ndilo jina langu la kabla ya ubatizo. Hakuna mwingine aliye hai anayeniita hivyo.

Nitaandika ukweli kwa sababu hakuna haja ya kumficha Mungu katika daftari. Sikusita. Nilivua kilemba nikakata. Nikashika nta mwenyewe ilainike mkononi. Sikujisikia kama niko kichakani. Nilijisikia kama mtu anayerudisha sahani ya jirani ikiwa imevunjika, akisaidia kuiunga. Kama ni dhambi nitaijua, maana nitakwenda kwa mzee wa kanisa kumwambia, sitangoja aambiwe na wengine. Watoto wa Jumapili akitaka kuninyang'anya, ataninyang'anya. Naogopa hilo. Nawapenda wale watoto.

Dada akampeleka ndani kwa Zaina. Nilibaki uani. Mara nikasikia sauti ya binti kule gizani ikimbembeleza, wimbo ule ule, na sauti yake ni ya mama mtupu. Nikakaa chini juu ya jiwe la kufulia.

Dada alipotoka nikamwambia kuhusu ule mwezi mmoja.

Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alikusanya machicha ya nazi kwenye ungo, akasema, “Wewe mwaka jana ulimwazima nani? Benki ina mwali?”

Nikasema haina.

“Basi walichukua bila haja, na kitambaa hawakuleta. Mwenye mtoto haazimwi mtoto wake. Ile karatasi umeandika wewe. Mie sijui kusoma, na Zaina hajui kusoma, na huyu hatoki tena kwenye nyumba hii ila kwa binti wa Zaina.”

Nikamwambia jina la Yohana limo. Akasema anamhurumia shemeji yake, ni mtu mwema, lakini hakumtuma aandike. Akanifungia nazi mbili na samaki mkavu nipeleke nyumbani. Alinisindikiza hadi kwenye mikorosho na tukaagana kwa kushikana mikono, na mkono wake ulikuwa bado na mafuta ya nazi.

Njia nzima ya kurudi shetani alitembea na mie, naye alikuwa na akili nzuri. Alisema: nenda kwa fundi wa Mtoni, achonge mwingine wa kimo kile kile. Mpakeni vanishi. Yule bwana amemkwangua mtoto wenu hadi hakubaki na alama, kwa hiyo atamtambulia wapi? Atamfunga kalamu yake shingoni, wakubwa watakuja watasifu, Yohana atabeba mikoba yake hadi uzee, na hakuna atakayelia. Nilipofika kwenye njia panda ya Mtoni nilisimama. Ninaijua nyumba ya yule fundi. Nilisikia hadi patasi yake.

Kwa kweli nilisimama muda mrefu.

Nilichokiona ni kwamba nimeshafanya hivyo mara moja. Nilitafuta njia ambayo sitalazimika kumwambia mtu lolote, si mzee wa kanisa, si dada, si meneja, nikaiita njia ya Mungu. Nikaipita njia ya fundi, nikaendelea nyumbani.

Kwa hiyo wiki ijayo nitakwenda benki mwenyewe. Nitamwambia meneja kwamba mtoto harudi tena benki, amebaki kwao Mbagala, na kwamba mwenye kosa ni mie niliyetia sahihi, na nitamwomba akubali mpya akijua ni mpya. Labda atakubali. Labda atamwita Yohana ofisini na kumtaka arudishe mikoba. Sijui. Ila hilo la meneja ni la wiki ijayo. La leo ni zito zaidi.

Yohana atafika saa kumi na moja. Anadhani nimekwenda tu kumpeleka mtoto na kwamba mwezi ukiisha nitamfuata. Samaki nimeshamloweka, nazi nimekuna. Mama alitufundisha kwamba mwanaume akitoka kazini hapewi habari kabla hajala, na kwa miaka yote ya ndoa yetu nimelishika hilo.

Leo nitamwambia angali amesimama mlangoni, na viatu vyake miguuni. Kisha nitapakua, na tutaona kama yupo wa kula.